Magari tuliyoyanyanyua Tabora na Kigoma: tuombe kukaguliwa kabla ya kulalamikia faini

MLETA UZI (Tabora mjini)

Ndugu zangu wapenda magari, habari za jioni. Kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wanaolalamika kila askari wa usalama barabarani anaposimamisha gari lililonyanyuliwa, lenye taa za ziada au tairi pana kuliko zile lilizokuja nazo. Leo naleta msimamo tofauti, na naomba mnivumilie niueleze kwa urefu, kwa sababu umetokana na jambo lililonipata mimi mwenyewe nikiwa kwenye gari ninalolipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya dizeli yenye milango minne. Nililinyanyua inchi mbili wakati ule ambapo safari ya masika kutoka Tabora kwenda Urambo ilikuwa ni kushinda kwenye matope na kuomba vijana wa kijiji wakusukume. Fundi aliongeza bapa moja la springi kila upande wa nyuma, akaweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, akafunga U-bolti ndefu zaidi, kisha mbele akakaza kwa kadiri ilivyowezekana. Tairi za 265/70R16 nikazitoa, nikafunga 285/75R16. Halikukwama tena, na sitasema uongo, lilipendeza sana.

Halafu lami ikaja. Hapo ndipo ninapoona kosa letu sote wa mikoa hii ya magharibi lilipoanzia. Tulinyanyua magari kwa ajili ya barabara iliyotulazimisha kwenda polepole, barabara ikabadilika, mwendo ukapanda, lakini gari likabaki vilevile, na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi gereji kuuliza kama gari lililotengenezwa kwa ajili ya tope linafaa kukimbia kwenye lami iliyonyooka katikati ya miombo.

Mwaka jana nilikuwa natoka Urambo na gunia za karanga na ndoo za asali nyuma, mzigo wa kawaida kabisa. Kabla ya kuingia kwenye kijiji kimoja, ng'ombe walianza kuvuka, na nyuma yao akatokea mtoto wa miaka tisa au kumi mwenye fimbo. Nilikanyaga breki mapema, na nasisitiza neno hilo, mapema. Mbele ya gari ikazama, lakini nyuma haikushika. Ilinisukuma tu kama mkokoteni unavyomsukuma mtu kwenye mteremko. Gari lilisimama mtoto akiwa amegeuka kunitazama, na ncha ya fimbo yake ilikuwa imegusa boneti. Hakuumia. Nilishuka nikaketi kwenye ukingo wa barabara, na ilinichukua muda kabla ya miguu yangu kunitii.

Kesho yake fundi wa breki alilala chini ya gari na tochi, akaniita nami nilale nione. Karibu na ekseli ya nyuma kuna kijiti cha chuma kinachopanda hadi kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Gari likipakiwa mzigo, bodi hushuka kuelekea ekseli, kile kijiti huisukuma valvu, na valvu huruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu, valvu huibana ile nguvu ili tairi za nyuma zisijifunge na gari kuserereka. Sasa sisi tulipoinua bodi kwa inchi mbili, tuliiambia valvu kwamba gari ni tupu, na tukaendelea kuiambia hivyo siku zote, hata siku lilipobeba nusu tani. Kwa miaka minne nimesafiri na mzigo huku breki za nyuma zikifanya kazi kama za gari lisilo na kitu.

Tairi nazo zina hesabu yake. Tairi ya 265/70R16 ina kipenyo cha takribani milimita 777, na ya 285/75R16 ina takribani milimita 834, yaani zaidi kwa asilimia 7. Mshale wa spidi unapoonyesha 80, gari linakwenda karibu 86. Tena kwa kuwa tairi ni kubwa zaidi huku diski ya breki ikiwa ileile, nguvu ya kusimamisha inayofika chini hupungua kwa kiasi hichohicho kwa mkanyago uleule. Nilikuwa nakwenda kasi zaidi kuliko nilivyodhani na kusimama kwa udhaifu zaidi kuliko nilivyodhani, vyote viwili kwa sababu ya tairi nilizozichagua kwa macho.

Nije kwenye sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali nzuri, na breki, taa na tairi zimo. Ukibadilisha injini au rangi, unatakiwa kupeleka taarifa TRA ili kadi ya gari ifanane na gari lenyewe. Lakini springi nilizoongeza hazionekani popote kwenye kadi. Kwa hiyo kinachotokea ni kwamba gari langu linahukumiwa kwa jicho tu. Askari mmoja ataliona limenyanyuka na kuniandikia faini, mwingine atalisifia na kuniruhusu nipite, na kati ya hao wawili hakuna aliyeiona ile valvu, kwa sababu haionekani ukiwa umesimama kando ya barabara.

Magari haya karibu yote yametoka Japani, kwa hiyo tutazame huko yanakaguliwaje. Gari dogo la mtu binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken miaka 3 baada ya kusajiliwa, na baada ya hapo kila miaka 2. Kubadilisha gari hakukatazwi. Ila ukibadilisha springi za bapa kama hizi zangu na gari likapanda zaidi ya sentimita 4, unalazimika kulipeleka likaguliwe upya na nyaraka zake zibadilishwe. Inchi mbili ni sentimita 5. Hii ina maana kwamba gari langu, lingekuwa bado huko, lisingeingia barabarani kabla mtu mwenye vifaa hajalipima. Tumelitoa kwenye nchi inayopima sentimita, tukalileta kwenye gereji bubu ambapo kipimo ni kuinama na kutazama kama tairi inagusa bampa.

Ombi langu ni kwamba sisi wenyewe wapenda magari tuwe wa kwanza kudai utaratibu wa kukaguliwa. Jeshi la Polisi lina wakaguzi wa magari, na magari ya abiria huyakagua tayari. Tuombe mmiliki binafsi aliyebadilisha springi, breki, taa, tairi au usukani aweze kulipeleka gari kwa hiari, lipimwe likiwa na mzigo na likiwa tupu, na likifaulu liandikwe kwenye kumbukumbu zake. Nasubiri maoni yenu, hata ya wanaonipinga.

DEREVA WA MCHOMOKO (Kasulu)

Ndugu mleta uzi, pole sana kwa yaliyokupata, na tumshukuru Mungu mtoto yule alisalimika. Hata hivyo naomba nikupinge kwa heshima. Wewe gari lako ni la mapenzi, na langu ni la ugali. Nina Probox inayobeba watu na ndoo za mawese kutoka vijijini kuja mjini, na niliimarisha springi za nyuma kwa sababu zilizokuja nazo zilikuwa zinalala chini kabisa. Sikufanya hivyo nipate sifa. Nikisikia neno ukaguzi, ninachokiona ni siku nzima bila kazi, ada mpya, na foleni katika mji ambao pengine uko mbali na ninapoishi. Mkitaka utaratibu huo, semeni kwanza nani atalipa, kwa sababu mwenye Hilux ya kutembelea wikiendi na mimi hatuumii sawa.

Halafu mbona hatuanzi na malori? Afrika Mashariki ina sheria ya uzito ya mwaka 2016 inayoweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na mizani ipo barabarani. Sisi wadogo tunaonekana kwa sababu tunasimamishika kwa urahisi.

FUNDI WA NG'AMBO (Tabora)

Wakuu, nimefanya kazi ya springi na breki kwa zaidi ya miaka ishirini, na nathibitisha alichokisema mleta uzi kuhusu valvu. Nitaongeza jambo ambalo linatuaibisha sisi mafundi. Wengi wetu tunaifahamu ile valvu. Mteja anapokuja na kusema anataka inchi mbili, mimi humweleza kwamba lazima pia nitengeneze kipande cha kuinua kiungo cha kile kijiti ili valvu irudi kwenye kipimo chake, kwamba mipira ya breki ya nyuma inaweza kuwa mifupi na kuvutika gari likiruka shimo, na kwamba propela shafti itabadilika pembe. Mteja hutazama saa, kisha huuliza kama kuna fundi mwingine wa bei nafuu. Na yupo, hatua thelathini kutoka kwangu, chini ya mwembe.

Ndiyo maana naunga mkono ukaguzi. Fundi anayefanya kazi kamili anashindwa na fundi anayefanya nusu, kwa sababu magari yote mawili yakitoka nje yanaonekana sawa. Siku kazi hiyo itakapopimwa, ndipo kazi kamili itakapopata bei yake.

Kaka wa Kasulu, nikujibu na wewe. Springi uliyoiimarisha haijaongeza uwezo wa gari kubeba. Imeondoa tu dalili kwamba gari limezidiwa. Zamani nyuma ilikuwa inalala, nawe ulijua. Sasa imesimama wima, lakini ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, breki ni zilezile. Tazama ubavu wa tairi yako, baada ya vipimo vya ukubwa utaona namba kama 91. Hiyo 91 maana yake tairi moja inaruhusiwa kubeba kilo 615 na si zaidi, nayo ina maana hiyo tu ikiwa upepo umejazwa inavyotakiwa. Piga hesabu ya abiria, ndoo za mawese na gari lenyewe, halafu ukumbuke kwamba sehemu kubwa ya mzigo wako imekaa juu ya tairi mbili za nyuma.

MUUGUZI WA ZAMU (Tabora)

Samahanini kuingilia mazungumzo ya magari nami ninaendesha baiskeli. Mume wangu ni mpenzi wa magari na ndiye aliyenionyesha uzi huu. Mmezungumza breki na springi, lakini mimi ninayerudi nyumbani saa nne usiku nikitoka zamu, kinachonitisha ni taa zenu. Gari likija mbele yangu na zile taa nyeupe zinazokaribia ubluu, sioni barabara, sioni ukingo, sioni hata gurudumu langu la mbele. Mara mbili nimeshuka kwenye baiskeli nikasimama kwenye majani hadi gari lipite, na baada ya kupita nimeendelea kusimama kwa sababu macho yalikuwa bado hayajarudi. Wapo wenzangu wasioshuka, hasa wazee wanaobeba mkaa, kwa sababu ukishuka na gunia mbili za mkaa hupandi tena bila mtu wa kukusaidia.

Na zile bomba za chuma mnazochomelea mbele ya gari, naomba mjue kwamba mguu wa mtu hauzistahimili. Sitaeleza zaidi, lakini nimeona.

MWENYE HARDTOP (Kigoma, Mwanga)

Dada yangu, pole kwa kazi, na maneno yako yamenigusa kwa sababu mimi ni mmoja wa wenye taa hizo. Niruhusu nieleze upande wetu kwanza. Land Cruiser yangu ni ya umri mkubwa, niliinunua kwenye mnada, na taa zake za asili zilikuwa hafifu. Usiku kati ya Kigoma na Kasulu unakutana na kona, miteremko, ukungu wakati wa masika, na mbuzi waliolala juu ya lami kwa sababu ina joto. Mwanga mdogo nao unaua.

Kosa letu ni namna tunavyoutafuta huo mwanga. Balbu ya kawaida ya H4, yaani ya halojeni, katika taa ndogo hutoa takribani lumeni 1,000. Balbu ya HID, ile inayowaka kwa gesi badala ya waya, ya wati 35 hutoa takribani 3,000. Tatizo si wingi huo peke yake. Kioo kinachoakisi ndani ya taa kilichorwa kwa ajili ya waya mdogo unaowaka mahali maalumu kabisa, na kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Ukichomeka ndani yake balbu yenye umbo lingine, ule mpaka kati ya mwanga na giza unapotea, na mwanga unatawanyika hadi kwenye macho ya anayekuja. Uingereza hawairuhusu kwenye ukaguzi wao wa MOT taa ya halojeni iliyogeuzwa kuwa ya HID, na baada ya kuelewa sababu hii nimekubaliana nao. Mtu anayetembea kilomita 80 kwa saa anakwenda mita 22 kila sekunde. Akipofushwa kwa sekunde tatu tu, amepita mita 66 bila kuona.

Mimi nimerudisha balbu za kawaida kwenye taa kubwa, nikabadilisha nyaya zilizochoka na kuweka rilei, na mwanga ulioongezeka kwa kufanya hivyo pekee ulinishangaza. Taa za ziada nimezifunga kwenye swichi yake, zinawaka tu pamoja na taa za mbali, na nazizima nionapo mwanga wa mtu yeyote, baiskeli ikiwemo. Kuhusu bomba la mbele, nakiri sijalitoa. Ninaposafiri maporini lina kazi, lakini mjini halina, na sina jibu zuri la kumpa dada yetu.

MLETA UZI

Dada muuguzi, asante kwa kuandika, na naomba mume wako akuruhusu urudi mara nyingi zaidi. Niliposema tukaguliwe nilikuwa na breki kichwani, na sikuwafikiria kabisa watu wasio na gari. Tabora ni mji wa baiskeli. Kila tunachobadilisha kwenye gari, yupo mtu wa baiskeli anayekutana nacho kabla ya askari.

Ndugu wa Kasulu, hoja yako ya gharama ni ya haki na siwezi kuipuuza. Ndiyo maana nilisema ukaguzi wa hiari kwa magari binafsi, tena ufanyike kila wilaya kwa siku maalumu badala ya kukuvuta wewe hadi makao makuu ya mkoa. Lakini naomba usinitofautishe na wewe kwa sababu ya mapenzi na ugali. Mtoto mwenye fimbo hakuuliza gari langu ni la biashara au la matembezi. Tena wewe unabeba watu, ambao hawajui kama breki zao zimepimwa na hawana namna ya kujua, wamekulipa nauli na kukuamini. Kwa kweli wewe unahitaji ukaguzi huo kuliko mimi, na malori kuzidisha uzito hakutufanyi sisi tuwe salama.

DEREVA WA MCHOMOKO (Kasulu)

Nimekwenda kusoma tairi kama fundi alivyosema. Mbili za nyuma zina namba tofauti, moja ina namba ndogo kuliko mwenzake, nami nilizinunua siku moja kwa muuzaji mmoja nikiamini zinafanana. Hilo nitalirekebisha wiki hii na sihitaji kusubiri sheria. Suala la ada bado sijaridhika nalo, na mkiandika barua yoyote kwa wakuu nitaomba jambo hilo liandikwe waziwazi kwanza, kabla ya mengine yote.

FUNDI WA NG'AMBO (Tabora)

Wengi wamenitumia ujumbe wakiuliza namna ya kupima taa na ile valvu kabla ya huo ukaguzi kuwepo. Taa ni rahisi. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, upepo wa tairi ukiwa sawa na dereva akiwa amekaa kwenye kiti. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa kimo hichohicho, kisha washa taa ndogo. Ukingo wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya ile alama. Ukiwa juu yake, unampofusha mtu. Rudia kipimo hicho ukiwa umepakia mzigo, kwa sababu nyuma ikishuka taa zinapanda. Magari mengi ya Japani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0 cha kuzishusha, na nimekutana na madereva wengi waliodhani ni cha mwanga wa dashibodi.

Valvu usiiguse mwenyewe kama hujawahi. Ukikosea upande wa pili, ukaipa nyuma breki nyingi mno gari likiwa tupu, mkia utakupita kwenye lami yenye maji.

MLETA UZI

Basi tufanye hivi. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, fundi amekubali kukagua bure magari kumi ya kwanza, breki na taa, kwenye uwanja ulio jirani na gereji yake. Ukuta upo na tumeshaupima. Nimezungumza pia na ndugu yangu mmoja anayeandika barua vizuri, naye atakuja kuandika majina ya wanaotaka ombi la ukaguzi lipelekwe kwa wahusika, na suala la ada litakuwa aya ya kwanza kama ndugu yetu wa Kasulu alivyotaka. Naomba jambo moja tu kwa wenye pikapu: msije na gari tupu lililooshwa. Njooni na mzigo uleule mnaobeba siku zote, gunia, ndoo, chochote kile, kwa sababu gari langu lilipokuwa tupu lilifaulu kila mara.